Saruji ya Lipu Ichaguliwe kwa Busara

Kuna dhana iliyoenea Shinyanga, Geita na katika visiwa vya Kome na Maisome, kwamba saruji yenye nguvu zaidi ndiyo bora kwa kila kazi. Kwa nguzo na zege dhana hiyo ina msingi. Kwa lipu ni upotevu wa fedha, na mara nyingi huzaa nyufa.

Mfuko wa kilo 50 huandikwa 32.5 au 42.5. Tarakimu hiyo hueleza nguvu ya saruji baada ya siku 28. Herufi N ni ya saruji ya kawaida, na R ni ya ile ikazayo upesi. Lakini lipu haibebi paa. Wajibu wake ni kushikamana na ukuta na kuukinga. Saruji ya 42.5 ikizidishwa hukaza mno, husinyaa ikaukapo, kisha hubanduka kwenye matofali laini ya kuchoma. Saruji ya 32.5 yatosha: kipimo kimoja, pamoja na kimoja cha chokaa na sita vya mchanga safi. Lipu hiyo imwagiliwe maji kwa siku saba.

Somo hili si geni. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Pale zilipofunikwa kwa saruji ngumu, unyevu ulinaswa ndani na ukuta ukaoza.

Hata hivyo, si kila ufa ni kosa la saruji. Udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga huvimba masika na kunywea kiangazi. Msingi ukiwa dhaifu, hakuna lipu itakayoiokoa nyumba.

Ndugu zetu wa visiwani wana shida ya ziada. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limewaondolea malori adha ya kungoja kivuko, lakini saruji ya visiwani bado hupanda mitumbwi. Mfuko uliopata unyevu ukafanya mabonge usitumiwe kwa lipu. Ghalani mifuko ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na ya zamani itumiwe kwanza.

Aidha, tunaonya juu ya mchanga wa marudio ya dhahabu. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki, na marudio yao yaweza kuibeba. Mchanga huo haufai kupakwa katika chumba anacholala mtoto.

Tunawasihi maafisa wa halmashauri, wanapoandika zabuni za madarasa na zahanati, wataje aina ya saruji kwa kila kazi, wasiandike "saruji" tu. Mafundi nao waelekezwe kusoma alama za mfuko kabla ya kuufungua. Mwananchi aliyeuza pamba au samaki ili ajenge hastahili kulipia ukuta mmoja mara mbili.