Mwaka wa Kwanza Masomoni

Kila mwezi wa tisa watoto wa miaka sita wanaingia masomoni mara ya kwanza. Wengine wanalia mlangoni. Tena ni wengi sana. Mwaka 2019 Serikali ya Kongo iliondoa malipo katika masomo ya msingi ya umma, na tangu hapo mahali pengi watoto wanasongamana wanne, watano juu ya benchi moja.

Wewe unayesoma ukurasa huu, ulipita hapo. Labda umesahau ulivyojifunza. Watu wanasema: «Mwaka wa kwanza ni kuimba tu: a, e, i, o, u.» Haya, tutazame kazi yenyewe.

Mtoto anajifunza kukaa, kusikiliza, kunawa mikono, kuomba ruhusa ya kutoka. Anajifunza kutofautisha mkono wa kuume na wa kushoto. Jambo hili linaonekana dogo, lakini asipolijua, atawezaje kutofautisha b na d? Ya kwanza tumbo lake linatazama kuume, ya pili linatazama kushoto. Kwa hiyo mwalimu anamwandikisha kwanza mistari na duara, mchangani au juu ya kibao, mpaka vidole vizoee. Kaye inakuja nyuma.

Kwa hesabu anahitaji vijiti. Anahesabu kumi, anavifunga kwa kamba: hiki ni kifungu kimoja. Akiongeza kijiti, anasema «kumi na moja», na macho yake yanaona kumi, tena moja. Lugha yetu inasema wazi. Kifaransa kinasema onze, na ile kumi haisikiki ndani yake. Wazee wetu wanaosema «makumi mawili» badala ya ishirini wanahesabu vifungu vizuri kabisa!

Lakini kazi kubwa ni kusoma, nayo inaanza kwa masikio. Mtoto anasema Kiswahili tangu nyumbani, ila hajajua ya kuwa neno lina vipande. Mwalimu anapiga makofi: ma-ma, mawili, ki-ta-bu, matatu. Kisha anaonyesha herufi tano za kwanza, halafu m: ma, me, mi, mo, mu. Kwa herufi hizo sita mtoto anaweza kusoma mama na mimi. Siku moja mwalimu anaandika neno jipya ubaoni: umeme. Hakuna aliyemfundisha neno hilo kwa maandishi. Anaunga u, me, me, na ghafula anacheka, kwani amelijua!

Kwa Kiswahili a ni a popote. Kwa Kifaransa sauti moja ya o inaandikwa o, au, hata eau. Watoto wengi wa mashariki ya Kongo wanaanza kusoma kwa Kiswahili, na wenzao kwa Kilingala, Kikongo au Tshiluba. Kifaransa wanajifunza kwanza kwa mdomo. Lakini Kiswahili nacho kina miiba yake. Katika mti, m inasimama peke yake. Tena ng'ombe na ngoma hazianzi kwa sauti moja.

Sasa sikieni jambo linalodanganya wazazi wengi. Mtoto anarudi nyumbani, anafungua kitabu, anasema ukurasa mzima bila kukosa. «Yaya, nimejua kusoma!» Baba anafurahi. Kumbe darasani watoto themanini wameusema ukurasa ule pamoja kila siku, naye ameushika kwa kichwa. Macho yake yanatazama picha ya kuku, si maneno. Hata kitabu kikigeuzwa juu chini, ataendelea! Mtoto wa namna hii anapita mwaka wa kwanza, labda na wa pili. Kisha Kifaransa kinaongezeka, maneno yanakuwa marefu, naye hana njia ya kuyafungua. Wengi wanaacha masomo hapo, na watu wanasema hawana akili. Akili wanazo; hawakufundishwa kuunga sauti.

Ukiwa na mdogo wako katika mwaka wa kwanza, mjaribu hivi. Funika picha kwa mkono. Onyesha neno la katikati, si la kwanza. Halafu andika chini, kwa kijiti, neno lisilo kitabuni lenye herufi alizokwisha kujifunza. Akilisoma polepole, kipande kwa kipande, amejua. Asipoweza, usimcheke. Rudi naye kwenye ma, me, mi, jioni mbili tatu, kisha mwandikie neno lingine.