Fahamu: Namna vifaa vya ziada vinavyoongeza ulaji wa mafuta katika pikapu

Pikapu iliyofungwa keria juu ya paa, bampa zito la chuma na matairi makubwa kuliko ya kiwandani hula mafuta zaidi kwa sababu ya uzito na, hasa, ukinzani wa hewa, yaani nguvu ya hewa inayolizuia gari kusonga mbele, ambayo huongezeka mara nne kila mwendo unapoongezeka mara mbili. Nchini Marekani, takwimu za serikali zinaonyesha kuwa sanduku kubwa la mizigo juu ya paa hupunguza umbali unaosafiriwa kwa lita moja kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, lakini kwa asilimia 10 hadi 25 katika mwendo wa kilomita 105 hadi 120 kwa saa, ilhali kilo 45 za ziada hupunguza takriban asilimia 1 tu.

Wapo madereva wanaoteremsha mlango wa nyuma wa bodi wakiamini kwamba hewa itapita kwa urahisi. Imani hiyo ni potofu, kwa kuwa mlango ukiwa umefungwa, hewa huzunguka ndani ya bodi na kuusaidia upepo wa juu kuteleza bila kukwama. Kwa kuwa ukinzani wa hewa huongezeka sana katika mwendo wa kasi, keria isiyobeba kitu, basi, na iondolewe kabla ya safari ndefu.