Kidonge cha Thairoidi Katika Joto la Lodwar

Ngozi kavu, kukosa choo, uchovu unaoanza asubuhi. Mjini Lodwar, ambako joto la mchana hufika nyuzi 35 mara kwa mara, nani asiyelaumu jua na kiu? Hata kuhisi baridi, dalili ambayo kwingine humfanya daktari ashuku tezi ya thairoidi, hapa hufunikwa na hali ya hewa. Mtu huweza kukaa miaka bila kupimwa.

Tezi hiyo iko sehemu ya mbele ya shingo. Hutumia iodini kutengeneza thairoksini, homoni inayopanga kasi ya mwili mzima. Homoni ikipungua, tezi ya pituitari chini ya ubongo humwaga homoni ya TSH kwa wingi kuihimiza tezi ya thairoidi. Thairoksini chini, TSH juu: tezi imelegea.

Tiba ni levothairoksini, kila siku, mara nyingi maisha yote. Kidonge cha maikrogramu 100 kina dawa sawa na sehemu moja ya elfu kumi ya gramu. Kilichobaki ni vijazo. Dawa hiyo kidogo huharibiwa na joto, mwanga na unyevu, na watengenezaji wengi huagiza ikae chini ya nyuzi 25. Ndani ya nyumba ya mabati kule Kakuma, kiwango hicho hupitwa kabla ya adhuhuri. Mtungi wa udongo ambao wengine huutumia kupozea insulini nao una unyevu, kwa hiyo ni heri vidonge vibaki ndani ya pakiti yake.

Halafu kuna chai ya maziwa. Kalsiamu hunasa dawa tumboni, na vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito hufanya vivyo hivyo, wakati ambapo mama anahitaji homoni zaidi. Dawa imezwe kwa maji matupu. Chai ingoje nusu saa au saa nzima, chuma saa nne.

Dawa isipoonekana kufanya kazi, mtu anaweza kushuku ugonjwa mwingine, ule wa mwili kuikaidi homoni yenyewe. Samuel Refetoff na wenzake waliueleza mwaka 1967 nchini Marekani, katika familia yenye watoto viziwi waliokuwa na rovu. Hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 40,000 hivi, mara nyingi kwa hitilafu ya jeni ya THRB. Lakini damu ya wagonjwa hao husema jambo tofauti: thairoksini iko juu, na TSH haishuki inavyopaswa.

Kwa hiyo mgonjwa wa Lodwar anayemeza dawa huku thairoksini ikibaki chini aulizwe kwanza kidonge hulala wapi na humezwa pamoja na nini. Dozi ikipandishwa kufidia vidonge vilivyoharibika, pakiti mpya ikifika inaweza kuupeleka moyo mbio.