Tawakali na Tadbiri

Aghalabu katika miji yetu ya pwani husikika mtu aliyepatwa na jambo zito akisema, "Tumwachie Mungu," na neno hilo, likitoka kinywani mwa mtu aliyekwisha kufanya lililo katika uwezo wake, ni neno tukufu lisilotiwa dosari. Walakini neno lilo hilo husemwa pia na baba ambaye mwanawe yuko katika homa siku ya tatu naye hajampeleka kwa tabibu, na huyu naye hujihesabu kuwa katika wenye tawakali. Wengine, kwa kuwachoka watu wa namna hiyo, wamekwenda upande wa pili, wakaona kuwa dua ni kazi ya wanyonge na kwamba mtu ni jasho lake. Makundi haya mawili, nionavyo mimi, yamekosea mahali pamoja, kwani yote yanadhani kuwa tawakali na jitihada zinagawana kazi moja, hata ikizidi hii ile ipungue.

Waislamu hawana haja ya kwenda mbali kutafuta sharhi ya jambo hili, maadamu wanayo Hijra ya mwaka 622. Makureshi walipoafikiana kumwua Mtume kwa panga za vijana waliotolewa katika kila ukoo, ili damu yake itawanyike isipate wa kuilipizia, alimlaza Ali kitandani pake akatoka na Abubakar, naye Abubakar alikuwa amewalisha ngamia wawili nyumbani kwa muda wa miezi minne kwa ajili ya safari ambayo siku yake hakuijua. Madina, walikokuwa wakienda, iko kaskazini ya Makka. Wao wakashika njia ya kusini hata pango la mlima Thaur, wakajificha humo siku tatu. Abdallah bin Abubakar, kijana mwepesi wa kufahamu, akawa hulala nao na kuwapa habari za mjini, na kabla ya alfajiri hurejea Makka akaonekana kama aliyelala kwao. Amir bin Fuhaira akawapitishia mbuzi wapate maziwa, na kwato zikafuta nyayo za watu. Na Asma binti Abubakar, alipokosa cha kufungia masurufu yao, akaupasua mshipi wake vipande viwili, akaitwa kwa hayo mwenye mishipi miwili hadi leo. Na kiongozi wa njia, aliyekodiwa kwa ujira na kukabidhiwa ngamia, alikuwa Abdallah bin Uraikit, mtu aliyekuwa bado katika dini ya Makureshi. Hapa msomaji na asimame kidogo: aliyekuwa akipokea wahyi hakuona kuwa ni upungufu wa imani kumlipa asiyeamini kwa kuwa anazijua njia za jangwani.

Waliowafuatia walifika hata mlangoni pa pango, Abubakar akahofu kuwa mmoja wao akitazama miguuni pake atawaona, na Mtume akamtuliza kwa kumkumbusha kuwa Mwenyezi Mungu yu pamoja nao. Wako wasemao kwamba tawakali ilianzia hapo, tadbiri zilipokwisha. Mimi siafiki. Tawakali ilikuwapo tangu siku za kuwalisha ngamia, kwa kuwa makazi yake ni moyoni, na ngamia hulishwa kwa mikono; pangoni ni mikono tu iliyokosa la kufanya. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameyaeleza haya kwa urefu katika kitabu chake cha Ihya, na kwa ukali kidogo pia: mwenye njaa aketiye mbele ya chakula asinyoshe mkono, akingoja kushibishwa, huyo kwake ana wazimu, hana tawakali.

Manahodha wetu waliyajua haya bila ya kuisoma Ihya. Jahazi likipandishwa ufukoni hutiwa kalafati, pamba iliyorowa mafuta ikashindiliwa kati ya ubao na ubao, fundi akirudia pale pale hata nyundo ibadilike mlio, kisha chini likapakwa deheni. Na siku ya kutweka husomwa Fatiha. Sijasikia nahodha aliyeisoma Fatiha mahali pa kalafati, wala aliyeona kalafati imemtosha. Wala hapana aliyeng'oa nanga kwenda Arabuni kaskazi ikimvumia usoni, hata awe mcha Mungu namna gani.

Lililo gumu zaidi ni kadari. Mwaka 639 Khalifa Omar alikuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh, akapata habari kuwa tauni imezuka huko, ile iitwayo tauni ya Amwas. Akataka shauri, wakubwa wakahitilafiana, naye akaazimia kurudi. Abu Ubaida, jemadari wa Sham, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Omar hakukana: alikubali kuwa anaikimbia, na kwamba anaikimbilia kadari ya Mungu iyo hiyo, akamtolea mfano wa mchunga ngamia katika bonde lenye upande wa malisho na upande mkavu, ambaye popote achungapo amechunga kwa kadari. Ndipo Abdurahman bin Auf alipokuja na hadithi ya Mtume ikatazayo kuingia katika nchi yenye tauni, na kutoka humo kwa kuikimbia.

Abu Ubaida akarejea kwa watu wake, akakaa nao, tauni ikamchukua. Omar akarudi Madina, na mwaka 644 akachomwa jambia akisalisha sala ya alfajiri. Wanavyuoni wamewasifu wote wawili, wala sijamwona aliyeandika kuwa tawakali ya mmoja ilikuwa pungufu kuliko ya mwenziwe.