Kinjeketile kwenye karatasi ya mtihani

Ebrahim Hussein alisoma chuo kikuu Dar es Salaam katika miaka ya mwisho ya 1960, na huko ndiko alikoandika Kinjeketile, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969. Alikuwa na swali zito kuhusu Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, vya 1905 hadi 1907, akalijibu kwa mchezo wa jukwaani. Wanafunzi wengi wanaousoma mchezo huo leo katika kozi za fasihi hujibu kwa njia moja tu: insha, kwa kalamu, ndani ya saa tatu, msimamizi akipita kati ya madawati.

Utaratibu wenyewe unajulikana. Katika vyuo vikuu vya Tanzania mgawanyo uliozoeleka ni alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Kenya wengi hutumia 30 kwa 70. Hizo za muhula nazo mara nyingi ni jaribio la darasani, insha ya nyumbani na uwasilishaji wa kikundi ambao watu wawili huufanyia kazi na wanane huandika majina. Ukumbini mwanafunzi huambiwa ajibu maswali matatu kati ya sita. Huo ni uchaguzi, ndiyo, lakini ni wa swali tu. Namna ya kujibu imekwisha kuamuliwa kabla hajaingia.

Kuna wahadhiri wanaotaka mwanafunzi apewe nafasi ya kuchagua namna hiyo pia. Mhadhiri anaweka njia mbili au zaidi za kupimwa katika kozi moja, zenye uzito sawa wa alama na zinazopima malengo yaleyale, na kila mwanafunzi anachukua inayomfaa. Mwaka 2011 chuo kikuu cha University College Dublin, nchini Ireland, kilitoa mwongozo kwa walimu wake kuhusu jambo hili baada ya kulijaribu katika kozi za fani mbalimbali. Somo kubwa la mwongozo ule ni usawa. Mwanafunzi aeleweshwe mapema kila njia inadai nini, apewe mifano, na mwalimu alinganishe njia hizo kwenye jedwali kabla ya kozi kuanza: saa za kazi, vigezo, tarehe, na maoni atakayorudishiwa mwanafunzi.

Kwa fasihi wazo hili si geni hata kidogo. Mwaka 1922 Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilitangaza kwamba kitapokea kazi za ubunifu kama tasnifu za shahada za juu. Mtu angeweza kuwasilisha mashairi au hadithi na kutahiniwa kwazo. Kutokana na uamuzi huo ikazaliwa mwaka 1936 warsha ya waandishi iliyofunza waandishi wengi wakubwa. Mmoja wa waliopita hapo ni Taban lo Liyong, anayetajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuhitimu katika warsha hiyo, mwaka 1968.

Mwaka huohuo Taban alikuwa Nairobi. Mwezi Oktoba, yeye pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka maarufu wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha huko ivunjwe na mahali pake paundwe idara ambayo fasihi ya Afrika ingekuwa kiini chake, na fasihi simulizi ipewe hadhi kamili. Mapendekezo yao yalibadilisha ufundishaji wa fasihi Afrika Mashariki nzima. Ngano, vitendawili, nyimbo za jando na majigambo vikaingia darasani, na wanafunzi wakatumwa kuvikusanya kwa wenyewe.

Kilichofundishwa kikabadilika, namna ya kupima ikabaki nyuma. Sanaa inayoishi kwa sauti, kwa pumzi na kwa kiitikio cha wasikilizaji ikaendelea kutahiniwa kwa maandishi ya kimyakimya. Mwanafunzi anaweza kupata A katika fasihi simulizi bila ya kusimulia chochote mbele ya mtu yeyote. Kazi iliyoanzwa mwaka 1968 haikukamilika.

Turudi kwa Kinjeketile tuone mambo yangekuwaje. Mwishoni mwa tamthilia, mhusika mkuu yuko mikononi mwa Wajerumani, na afisa anamtaka aseme kwamba yale maji aliyowapa wapiganaji yawakinge na risasi yalikuwa uongo. Kinjeketile anakataa, ingawa yeye mwenyewe amekwisha kuyatilia shaka. Mhadhiri anauliza darasa lake swali moja: kwa nini anakataa, na kukataa kwake kunaipa tamthilia maana gani?

Mwanafunzi wa kwanza anachagua insha ya maneno 2,500. Atajenga hoja, atanukuu matini, atawajibu wahakiki wanaopingana naye. Wa pili anachagua kuielekeza sehemu hiyo ya mwisho pamoja na waigizaji, na kuandika daftari la mwelekezaji. Huyu hana pa kujificha. Lazima aamue Kinjeketile amesimama au amepiga magoti, anamtazama afisa au anawatazama watazamaji, ananyamaza kwa muda gani kabla ya kujibu. Kila uamuzi anautetea kwa ushahidi wa matini. Akimfanya Kinjeketile apaze sauti kama shujaa asiye na shaka, basi ameisoma tamthilia vibaya, na daftari litamuumbua. Ataulizwa pia kama anajua tofauti ya Kinjeketile wa jukwaani na yule wa historia, aliyenyongwa Agosti 1905, kwa kuwa Hussein mwenyewe alieleza kwamba mhusika wake ni wa kubuni.

Wa tatu anachagua tafsiri. Anaigeuza sehemu hiyo kwa lugha ya kwao, tuseme Kimatumbi au Kingoni, lugha za watu waliopigana vita hivyo, kisha anaeleza alichokipoteza na alichokiokoa. Ana mtu wa kujilinganisha naye, maana Hussein aliitafsiri tamthilia yake kwa Kiingereza mwenyewe, ikatoka mwaka 1970. Wa nne anakaa na mwalimu dakika 20 na kuhojiwa ana kwa ana.

Njia ni nne, lakini vigezo vya kusahihisha vinabaki vilevile: ameielewa matini kwa kina gani, hoja yake inasimama juu ya ushahidi gani, anaujua muktadha wa kihistoria kiasi gani, na anaeleza kwa uwazi gani. Hapo ndipo jambo zima linaposimama au kuanguka. Mwalimu akimpa mwigizaji alama kwa sababu watu walipiga makofi, na mwandishi wa insha kwa sababu ya marejeo mengi, atakuwa amewapima watu wawili kwa mizani mbili. Mwanafunzi aliyepata C ana haki ya kulalamika.

Wanaosita wana hoja za kusikilizwa. Ya kwanza ni idadi. Darasa la wanafunzi 300, kila mmoja akihojiwa dakika 20, linamdai mhadhiri saa 100 za kukaa kitini. Hakuna anayeziweza peke yake. Ndiyo maana haifai kufungua milango yote kwa mara moja. Njia mbili zinatosha kuanzia, na mahojiano yawekewe idadi inayobebeka, au yabaki kwa madarasa madogo ya mwaka wa tatu. Ya pili ni mtahini wa nje, ambaye huja baada ya muhula na kutaka kuona kazi. Onyesho limekwisha, waigizaji wametawanyika. Kwa hiyo kila onyesho na kila mahojiano vinahitaji kurekodiwa, na kwa hilo simu ya kawaida inatosha, pamoja na karatasi ya vigezo iliyojazwa papo hapo.

Hoja ya tatu ni kwamba wanafunzi watakimbilia rahisi. Lakini njia zikisawazishwa, rahisi haipo. Mwanafunzi aliyefundishwa insha tangu sekondari mara nyingi ataichagua insha, na hakuna ubaya. Huo ni uamuzi wake. Kinachotakiwa ni auamue mapema, pengine kufikia wiki ya tatu, kwa maandishi, asije akabadili nia wiki moja kabla ya tarehe ya kukusanya.

Wapo wanaoguswa na suala hili kuliko wengine. Mwanafunzi asiyeona, au yule ambaye mkono wake hauwezi kuandika saa tatu mfululizo, leo anaweza kupata njia nyingine, lakini kwa kuomba: barua, cheti cha daktari, kusubiri kibali. Anapita mbele ya wenzake kama mtu anayehurumiwa. Kozi yenye njia mbili zilizo wazi kwa kila mtu humwondolea mzigo huo, maana anachagua mahojiano kama mwenzake yeyote anavyoyachagua. Fikra hii, ya kupanga masomo tangu mwanzo kwa ajili ya watu wa aina zote, imeenezwa sana na taasisi ya Marekani iitwayo CAST, iliyoanzishwa mwaka 1984.

Halafu imekuja akili unde. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, insha ya nyumbani haimhakikishii tena msahihishaji kwamba aliyeisaini ndiye aliyeiandika. Vyuo vingi vimeitikia kwa kurudi kwenye kalamu na ukumbi. Woga huo unaeleweka, ila tiba yake inapunguza mengi kuliko inavyolinda. Mtu anayeulizwa uso kwa uso kwa nini amemwekea Kinjeketile ukimya wa sekunde kumi hana programu ya kumjibia. Hata insha inaweza kulindwa kwa mazungumzo mafupi baada ya kuwasilishwa, rasimu zake zikiwa mezani.

Kubadili mtihani wa mwisho ni safari ndefu, kwa kuwa kanuni zake hupitishwa na Seneti ya chuo. Alama za kazi za muhula ni jambo jingine, maana katika idara nyingi mhadhiri ndiye anayezipangia kazi katika mpango wa kozi anaowagawia wanafunzi wiki ya kwanza. Wahadhiri wa fasihi wa Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi, Eldoret na Kampala waanzie hapo, kwa kozi moja, kitabu kimoja na njia mbili, muhula huu unaokuja.