Kichocho: Mwiba wa yai uliofichua minyoo wa aina mbili

Mtoto anatoka chooni na kusema mkojo wake umetoka na damu. Kwa mzazi anayeishi karibu na bwawa au majaruba ya mpunga mkoani Tabora, wazo la kwanza ni kichocho. Lakini ni kichocho kipi? Swali hilo liliwasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1851 daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, alikuta minyoo ndani ya mishipa ya damu ya maiti jijini Cairo, Misri. Leo mnyoo huyo anaitwa Schistosoma haematobium. Hata hivyo utata ulibaki: baadhi ya mayai yalikuwa na mwiba nchani, mengine ubavuni. Je, ni mnyoo mmoja au wawili?

Mwaka 1907 Louis Sambon alisema ni wawili. Yule wa mwiba wa ubavuni akampa jina Schistosoma mansoni, kwa heshima ya daktari Patrick Manson. Wengine walimpinga, hadi mwaka 1915 Robert Leiper alipoonyesha, hukohuko Misri, kwamba kila mmoja hukulia ndani ya konokono wa aina yake.

Ukifuata njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora kuvuka Malagarasi hadi Ujiji, utakutana na wote wawili. Upande wa Unyamwezi kuna kichocho cha mkojo. Kando ya Ziwa Tanganyika kuna kichocho cha tumbo.

Kwa mzazi, tofauti hiyo inaamua kipimo. Mayai ya haematobium hutafutwa kwenye mkojo, hasa uliotolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ya mansoni hutafutwa kwenye choo kikubwa. Mtoto anayeumwa tumbo na kuharisha damu akipimwa mkojo pekee, ugonjwa unaweza usionekane.

Habari njema ni kwamba dawa ya prazikwanteli hutibu aina zote mbili. Lakini haimkingi mtoto akirudi kuogelea kwenye maji yaleyale.

Damu kwenye mkojo si dalili ya kukua, kwa mvulana wala msichana. Kichocho kisipotibiwa huharibu kibofu, figo au ini. Mpeleke mtoto kituo cha afya, na umweleze mhudumu ni maji gani anayoogelea.