Mchanga wa Manda Unatoka Milimani

Watu wa Njombe na Makambako wakitamani ufuko na mambo ya kale, mawazo yanakimbilia Zanzibar au Bagamoyo. Hawakosei. Ila mkoa wao una ufuko wake wilayani Ludewa, kando ya Ziwa Nyasa, na njia ya kwenda huko inapita kwenye historia ya babu zao.

Ziwa hilo limekaa ndani ya Bonde la Ufa. Ardhi ilikatika, bonde likadidimia, na Milima ya Livingstone ikabaki imesimama juu ya maji. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwambao wa Ludewa ni majabali, na hatua chache tu kutoka ukingoni kina ni kirefu. Mchanga unapatikana pale mto unapoushusha. Manda ina ufuko kwa sababu ya Mto Ruhuhu, unaokwangua udongo wa nyanda za juu na kuumwaga ziwani. Anayekanyaga mchanga ule anakanyaga milima ya kwao. Mto Ruhuji, ambao maporomoko yake yako pale Njombe mjini, umeshika njia nyingine kabisa: unakwenda Kilombero, kisha Rufiji hadi Bahari ya Hindi.

Kuogelea, waulize wenyeji kwanza. Ruhuhu una mamba, na mlangoni mwa mto si mahali pa kuchezea.

Kabla ya kushuka, pita Yakobi, karibu na Njombe mjini. Septemba 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliishambulia misheni ya Walutheri wa Berlin iliyokuwa hapo. Mbeyela, mtawala wa Wabena, alikuwa upande wa wapiganaji hao. Watoto wetu wanafundishwa Kilwa na Songea. Naona wanastahili kuijua Yakobi vilevile, kwa miguu yao.

Kutoka Itoni barabara inateremka kupitia Ludewa hadi Manda, zaidi ya kilomita 200. Kipande cha Lusitu hadi Mawengi kimejengwa kwa zege, kwani mteremko ni mkali na mvua ni nyingi. Wajerumani waliiita Manda Wiedhafen, na kusini zaidi, Liuli, waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lake lenye umbo la sphinx. Hapo Liuli, Agosti 1914, meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ikatokea na kuipiga mzinga. Nahodha wa Wajerumani, Berndt, alikuwa hajapata habari kwamba vita imeanza, na yule aliyempiga, Rhoades, alikuwa rafiki yake.

Liuli iko mkoani Ruvuma, na ukiwa Manda njia ya maji ndiyo nzuri zaidi kuifikia. Ulizia meli mapema, kwa kuwa ratiba hubadilika na upepo wa kusini huchafua ziwa. Beba koti zito la Njombe na nguo nyepesi za Manda katika begi moja.